Mwambie Mumeo

Baba yangu na mume wangu hawakuwahi kugombana tangu siku ya posa, na watu wametusifu sana kwa hilo. Mimi niliyekuwa nakaa katikati yao ndiye ninayejua sifa hiyo ilikuwa inabebwa na mgongo wa nani.

Baba ni fundi bomba, mume wangu ni seremala, mimi ni mpaka rangi. Tunafanya kazi pamoja, ukarabati wa majengo. Baba anabomoa na kuweka mabomba, mume wangu anarudisha milango na makabati, halafu mimi nakuja mwisho na rola na brashi kuficha aibu zao wote wawili. Watu wakituona asubuhi tunashusha vifaa husema familia hiyo ina baraka. Ni kweli inayo. Ila katika familia hiyo wakwe wanaheshimiana kupita kiasi. Baba hawezi kumwambia mkwe wake neno lenye makali, na mkwe hana la kumwambia baba isipokuwa shikamoo na ndiyo. Mengine yote yalipitia kwangu.

"Mwambie mumeo msumeno wake unanitoboa masikio," baba husema, na mume wangu amesimama hapo hapo, msumeno mkononi.

Basi namgeukia mume wangu. Yeye anazima msumeno na kuniomba nimwambie baba samahani. Namgeukia baba. Siku nzima nageuka kama feni.

Wala sikuwa napeleka neno likiwa bichi. Nililipika kwanza. Mume wangu akisema baba ni mbishi, mimi nilimwambia baba kwamba mkwe wake anamwona ni mtu wa msimamo. Baba akisema huyu seremala anapima ubao mpaka ubao unachoka, mimi nilifikisha kwamba baba amependa umakini wake. Nyumbani kwetu tulilelewa hivyo, funika kombe mwanaharamu apite. Mjumbe hauawi, wanasema, lakini sijamsikia mtu akisema mjumbe hachoki.

Kazi ninayotaka kuisimulia ilikuwa kwenye jengo la zamani la ofisi, lenye ghorofa tatu, ambalo bomba lake kuu la maji machafu lilikuwa limeoza kwa ndani. Lilikuwa bomba la chuma, zito, limesimama kwenye kona moja ya jengo kutoka juu hadi chini. Lilipita kwenye stoo ya ghorofa ya juu, likashuka kwenye korido, kisha kwenye vyoo. Ili kulitoa ilibidi baba avunje sakafu ya kila ghorofa kulizunguka, akate vipande, avishushe kwa kamba. Kila alipopita aliacha shimo la kummeza mtu mzima na ndoo yake. Ukiinamisha shingo kwenye shimo la juu unaliona la pili chini yake, na chini kabisa saruji tupu.

Na jengo halikufungwa. Watu wa ofisi waliendelea kupita na karatasi zao, macho kwenye simu. Mama msafishaji alipita na ndoo, akirudi nyuma huku anapiga deki, kama wanavyofanya wapiga deki wote duniani.

Mume wangu anachukia shimo la sakafuni kama wengine wanavyochukia nyoka. Zamani, kabla hatujaoana, alimwona fundi mwenzake akirudi nyuma hatua moja aangalie kazi yake ilivyopendeza. Hiyo ndiyo hadithi yote, hajawahi kunimalizia. Kwa hiyo mashimo yake yana sheria. Pale ambapo kazi inaendelea anaweka uzio wa mbao. Kazi ikisimama anaweka mfuniko, na mfuniko lazima uwe mpana kuliko shimo pande zote, uwe mnene wa kubeba watu wawili wanene, na ukazwe kwa skrubu kila kona. Juu yake naandika mimi, kwa rangi nyekundu: SHIMO. USIINUE.

Siku moja nikamuuliza skrubu za nini, si ubao mzito unatosha.

"Ubao uliolazwa tu si mfuniko, ni mtego," aliniambia. "Shimo lililo wazi mtu analiona. Ubao uliolazwa, mtu anauona ubao. Anasema, ala, ubao mzuri huu. Anauinua, anaushika mbele ya kifua, haoni miguu yake. Halafu anakwenda mbele."

Baba naye ana sheria yake, ya zamani kuliko ya mume wangu. Kwake, mwenye shimo hakai mbali na shimo. Aliyelifungua analilinda kwa macho yake mpaka lifungwe, na baba hajawahi kulikimbia shimo lake. Mimi ndiye mfuniko, hupenda kusema, akijipiga kifuani. Sasa mtu anayepitisha bomba hufungua na kufunga mara nyingi kwa siku, na kila mara kufungua skrubu za kona zote, kisha kuzirudisha, kwa baba ilikuwa ni kuchezea mchana. Akawa anaulaza ubao bila skrubu, anakaa karibu, anaendelea na mambo yake. Ila mwanadamu hukatwa na kiu. Mwanadamu huitwa chini kupokea mzigo.

Mume wangu aliona. Akanivuta pembeni, pembeni yenyewe ikiwa hatua chache kutoka kwa baba.

"Mwambie baba ubao usio na skrubu utaua mtu."

Nikaenda. Nikamwambia baba kwamba mkwe wake anaomba, akipata nafasi, azirudishe skrubu.

"Mwambie mumeo nilikuwa natoboa sakafu kabla hajaota meno," baba alisema, bila hata kupunguza sauti.

Nikarudi kwa mume wangu nikamwambia, "Baba amesikia."

Mume wangu alinitazama, akaitazama futi yake ya kupimia, akaendelea na kazi. Alikuwa amesikia kila neno. Lakini ndivyo tulivyokuwa tunaishi, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kuumia, tuliita hiyo amani.

Kilichonitoa roho ni chai. Asubuhi moja tulikuwa tumekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, chupa ya chai katikati, na kikombe cha mume wangu kiko karibu na goti la baba kuliko la kwangu. Mume wangu alikuwa anasoma vipimo vyake. Baba akakitazama kikombe, akanitazama mimi.

"Mwambie mumeo chai yake inapoa."

Nikaweka kikombe changu chini. Nikawaambia kwamba kuanzia siku ile mimi si posta. Mwenye neno na mwenzake ana mdomo, na Mungu alipompa mdomo hakumpa wa kunywea chai tu. Walinitazama kama niliyetukana msibani. Kisha wote wawili wakaitazama chai. Hakuna aliyesema kitu mpaka tuliponyanyuka, na mimi nilikwenda kwenye ngazi na kopo langu la rangi nikiwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo wa kuni. Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini nani anakumbuka methali akiwa anajisikia vizuri?

Siku hiyo hiyo ufunguo wa stoo ya juu ulipatikana. Stoo ndiyo iliyokuwa imebaki, na ndani yake kile kipande cha mwisho cha bomba la zamani, kimeshikwa ukutani kwa vibano. Baba akaingia na nyundo na patasi. Mume wangu alikuwa amekwenda kuchukua mbao za milango. Mimi nilikuwa napaka reli ya ngazi, rangi ya kijani, kutoka juu kushuka.

Stoo ilipofunguliwa, kabla hajaondoka, mume wangu alikuwa ameegesha ndani yake ubao wa plaiwudi aliouandaa kwa ajili ya mgongo wa kabati la ofisi. Alikuwa ameupiga msasa mpaka unateleza kama sahani, na alikuwa ameukataza hata vumbi. Baba alipomaliza kuvunja sakafu na kukishusha kile kipande kwa kamba, ilimlazimu ateremke chini akakifungue. Shimo likabaki mdomo wazi. Akaangaza huku na huku, akauona ubao wa plaiwudi, akaulaza juu ya shimo. Ulienea vizuri, utadhani ulikatiwa hapo. Kwa akili ya baba, alikuwa ametenda haki. Hakuliacha shimo uchi.

Akashuka. Aliponifikia kwenye ngazi, akasimama. Namjua baba, alikuwa na sentensi mdomoni.

"Mwambie..." alianza.

Nikachovya brashi taratibu, nikamtazama. Akafunga mdomo, akakohoa kidogo, akaendelea kushuka, goti lake bovu likilia kila ngazi. Nilicheka peke yangu. Sentensi yenyewe, aliniambia baadaye, ilikuwa hii: mwambie mumeo ubao wake wa kabati nimefunikia shimo la stoo, asiuguse.

Kama angekutana na mkwe wake chini, labda angejikaza akamwambia. Hawakukutana. Baba alifungua kamba, akanywa maji, akapanda tena, akapita nyuma yangu bila neno, akaingia stoo akapiga magoti ukutani kufunga vibano vipya. Mgongo wake ulikuwa mlangoni, na shimo lilikuwa katikati yake na mlango. Mwenye shimo alikuwa karibu na shimo lake. Sheria yake ilitimia.

Muda si muda mume wangu akaja na mbao begani. Akazishusha, akaniuliza kama nimeuona ubao wake wa kabati.

"Kamuulize baba," nilimwambia. "Yuko hai na anaongea."

Alivuta pumzi kama mtu anayeambiwa aingie maji ya baridi, akapanda. Nami nikapanda nyuma yake, nikijifanya nafuata kopo langu la rangi nyekundu. Kusema kweli nilitaka kusikia. Nilitaka kuwaona wanavyoanza.

Mume wangu akaingia stoo. Akatoa shikamoo, baba akaitikia marahaba bila kugeuka, kwani alikuwa na skrubu mdomoni. Hapo ndipo mume wangu alipouona ubao wake, kazi yake ya msasa, umelazwa sakafuni kwenye vumbi la saruji. Nilimwona anavyoumia. Mtu mwingine angeuliza nani ameuweka hapa. Lakini kumuuliza baba swali hilo ni sawa na kumwambia amekosea, na hilo halikuwa kwenye orodha ya maneno yake. Akafanya kile alichojua kufanya, yaani kunyamaza na kulimaliza mwenyewe. Akainama, akashika ubao kwa mikono miwili, akauinua ukasimama mbele yake mpaka juu ya paji la uso. Alitaka kuuegesha tena ukutani, upande wa pili.

Chini ya ubao niliona mwanga. Mwanga wa ghorofa ya chini.

Nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Mimi niliyebeba maneno ya watu wawili miaka yote ile, sikuwa na hata moja la kwangu. Mguu wa mume wangu ulikuwa umeanza kwenda.

Baba alisikia ubao unakwaruza, akageuka, skrubu zikamdondoka mdomoni. Aliona shimo, akaona ubao unakuja na miguu miwili chini yake. Na badala ya kumtazama mume wangu akanitazama mimi, mlangoni kule, kwa mazoea.

"Mwambie mu..."

Nikaona uso wake unabadilika. Sijui nieleze vipi. Kama mtu anayeamka.

"Wewe, simama hapo hapo," alisema. "Usishushe mguu."

Hakuwahi kumwita mkwe wake wewe. Mume wangu akasimama kama aliyegandishwa, ubao kifuani, mguu mmoja hewani. Ncha ya kiatu chake ilikuwa imeshapita ukingo. Kipande cha saruji kikabanduka kikaenda, na tukakaa tukakisikiliza kinavyokwenda, mpaka kilipogonga chini.

"Rudi nyuma," baba alisema, na safari hii sauti ilikuwa ya chini. "Nyuma, mwanangu. Polepole. Hapo nyuma yako ni salama."

Alirudi mpaka mgongo ukagusa ukuta karibu nami. Bado alikuwa ameukumbatia ubao. Baba akaja kwa kuzunguka, akiushika ukuta kwa kiganja, akauchukua ubao mikononi mwake, akaulaza pembeni. Ndipo mume wangu alipoona mahali alipokuwa anakwenda. Akateleza ukutani mpaka akakaa chini. Mimi nikakaa naye, nikamshika mkono, nikaanza kulia. Sikulia kwa sauti, nililia tu, na sikuona haya.

Baba naye akakaa, kando ya shimo, goti lake likikataa kukunjika. Chini huko simu ya ofisi iliita, mtu akaipokea.

Mume wangu ndiye aliyeanza. Alimtazama baba usoni.

"Baba, ubao usio na skrubu utaua mtu."

Lilikuwa neno lile lile, ila hili lilifika likiwa bichi. Nilimwangalia baba analipokea.

"Nimesikia," alisema.

Akaokota skrubu moja sakafuni, akaigeuza geuza.

"Nilikuwa nakuona unakufa," alimwambia mume wangu, "na bado namtafuta huyu akuambie."

Mume wangu akasema naye alikuwa na swali, kwa nini ubao uko chini, na kama angeliuliza tu asingeinua kitu. Akasema aliogopa kumvunjia heshima. Baba akasema heshima gani hiyo ya kumzika mkwe wako. Halafu, kwa kuwa ni baba yangu na hawezi kuacha, akaongeza kwamba hata hivyo ubao ulikuwa umelala vizuri sana pale. Mume wangu akajibu, bila kupitia kwangu, kwamba ulikuwa ni ubao wa kabati. Baba akasema basi kabati litasubiri. Nikawaacha waendelee.

Waliukaza wenyewe, wote wawili, mmoja ameshika ubao, mwingine drili. Ule ubao uliokatazwa hata vumbi ukatobolewa kila kona, na mwenyewe hakuusikitikia. Mimi nikaandika SHIMO. USIINUE. Herufi zikatoka za mtoto wa chekechea. Mume wangu, ambaye hukataa hata mlango ukikosea unene wa ukucha, alisema ziachwe hivyo hivyo.

Tangu siku ile tuna sheria mpya, iliyozaliwa na zile mbili. Skrubu hazina mjadala. Na mwenye kufungua shimo au kulifunika anamwendea kila aliye kwenye jengo, anamwambia kwa mdomo wake mwenyewe, uso kwa uso, na aliyeambiwa anarudia alichosikia. Hata mama msafishaji anaambiwa, na yeye hurudia kwa sauti kubwa kuliko sisi sote. Wakwe hawa wawili sasa wanagombana. Wanagombana juu ya urefu wa skrubu, juu ya nani kahamisha ngazi, juu ya unene wa mbao. Mama kasikia, akanipigia simu kwa wasiwasi kuuliza nyumba ina nini. Nikamwambia haina neno, mama, wanaongea.

Siku za mwisho za kazi ile nilikuwa bado kwenye reli ya ngazi, namalizia mkono wa pili wa rangi, baba alipotoka koridoni ghorofa ya juu. Alikuwa amechoka, na alikuwa anataka kufungua mfuniko ili apitishe bomba la mwisho. Akasimama juu yangu.

"Mwambie mumeo..."

Akanyamaza. Mimi niliendelea kupaka.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Chini kabisa, baba."

Alizitazama ngazi zote zile. Akaguna, akashika reli, akaanza kushuka, ngazi moja, goti, ngazi nyingine. Rangi ilikuwa bado mbichi, na aliishika njia nzima mpaka chini. Nilimwacha. Ningepaka upya.